Moto wa Kijani

Kwaebenya, 8 Februari 1999

Mpwa wangu Konamah,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwangu mimi mjomba wako hadi yule beberu mwenye pembe moja ambaye bado anatafuna nguo kwenye kamba. Tunamshukuru Mungu. Vumbi limetukausha midomo, na kakao ya mwisho imeanikwa uani. Mama yako ni mzima, anakusalimu, ingawa siku hizi anaingia kulala kabla ya kuku. Je, homa yako imekwisha? Iliniuma kwamba hukuwepo kumzika bibi yako, lakini mgonjwa hana kesi.

Nyumba ukiiona utasema si yetu. Bati jipya mbele na nyuma, kuta rangi ya maziwa. Wale waliosema mimi Apenteng namlaza mama yangu kwenye barafu ya hospitali tangu Septemba kwa sababu ya majivuno, siku ya maziko walifumba midomo. Hata mdogo wangu wa Ujerumani alifika. Bibi Amoakoa amezikwa kama malkia.

Sasa jambo lenyewe. Nadhani umesikia nusunusu. Tuliporudi kutoka makaburini watu wakala, na kabla jua halijazama wakaanza kutokwa na mate na jasho, macho yamekaza, wengine wanatapika mpaka wanaanguka. Wengi walipona. Ntow, mpiga ngoma, alifariki. Mke wa Tawia kinyozi naye alifariki. Mchuzi ulikuwa na sumu.

Aliyeitia amekamatwa. Ni Issahaku, mkulima wetu wa theluthi, yule tuliyempa shamba la kakao la bondeni alitunze, naye achukue theluthi ya mavuno. Wiki ile ile alinipandishia sauti kuhusu fungu lake, mbele za watu. Na siku ya matanga hakutia tonge mdomoni! Mtu anakaa kwenye msiba kutwa nzima, sahani inaletwa, anasema asante, anaisogeza. Chumbani kwake wakakuta chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa kakao.

Tena kuna ushahidi wa kitaalamu. Mwalimu Boadi wa sekondari alileta taa yake ya spiriti uani kwa chifu. Akachovya waya wa shaba kwenye ile chupa, akautia motoni, moto ukawa kijani kibichi. Akausafisha, akachovya kwenye mafuta ya mchuzi. Kijani vilevile! Kijiji kizima kilipiga kelele, mimi nikiwa mbele. Lisemwalo lipo.

Polisi wamepeleka vitu Accra vipimwe kwa sheria. Nimeambiwa ni hapo hapo kwenye maabara yako. Fanya haraka, mwanangu. Andika kwamba sumu imepatikana, jamaa wa Ntow watulie, nasi tulale.

Mjomba wako,
Kwadwo Apenteng


Accra, 17 Februari 1999

Mjomba, shikamoo.

Homa imekwisha, imeniachia masikio yanayovuma tu. Nasikitika kuhusu Mzee Ntow. Ndiye aliyenifundisha kucheza, akinicheka kwamba nina miguu ya bata. Mpe pole Tawia. Na bibi, mjomba, bado siamini kwamba nikija sitamkuta.

Ni kweli, vifurushi vya Kwaebenya vimefika: mchuzi kwenye kopo, maji ya mtungi, na chupa. Kwetu havina majina, vina namba, ila jina la kijiji chetu nalijua hata likiandikwa na polisi. Kabla ya kugusa chochote nilimwambia mkuu wangu, Daktari Lamptey, kwamba huko ni nyumbani. Akasema nianze, yeye atarudia kila kipimo kwa mkono wake.

Kuhusu Mwalimu Boadi. Mheshimiwa alinifundisha na ninampenda, lakini waya wake unajua ukoo tu, haujui mtu. Klorini huufanya moto kuwa kijani. Bromini vilevile, na ndugu yao mwingine pia. Ni sawa na mimi kusema mwizi ni mtu wa ukoo wetu wa Asona. Sasa mtamfunga nani, mjomba? Wewe ni Asona.

Na Issahaku kutokula. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeisha juzi tu, alikuwa anafunga sita za Shawwal, kila mwaka hufunga. Wewe mwenyewe humtania kwamba tumbo lake lina kufuli. Tena niambie, wewe na mama mlikula? Wafiwa wa karibu hawali siku ile. Mbona ninyi hamkukamatwa?

Mashine imesimama. Mtungi wa gesi inayosukuma mvuke ndani yake umekwisha, na mwingine umekwama bandarini Tema. Tukingoja, nisaidie jambo moja: mchuzi ulipikwa na nani, na uliwekwa nini? Nitajie kila kitu, hata chumvi.

Mpwa wako,
Konamah


Kwaebenya, 2 Machi 1999

Konamah,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa lori la kakao, imelowa mafuta ya mawese lakini inasomeka. Ninyi watoto wa mjini mkishika kalamu mnasahau nani aliwashika mkono. "Mbona ninyi hamkukamatwa"! Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Maneno kama hayo usiyaweke kwenye barua. Madereva wanajua kusoma.

Habari za huku ni njema. Mvua moja imenyesha. Binti wa jirani ameposwa na fundi redio mwenye kibiongo, baba yake anajifanya hajakiona. Chifu amenisifu mbele za watu kwa bati langu. Tumefanya usafi mkubwa baada ya msiba, takataka zote tumezichoma, ghala limefagiliwa hadi pembeni.

Memuna, mke wa Issahaku, huja kila asubuhi na watoto wake wawili na kukaa ngazini kwangu. Nimemwambia, "Dada, nenda nyumbani." Ananijibu, "Nyumbani ni wapi, mzee?" Nimempa ndizi. Nifanye nini zaidi?

Kuhusu mchuzi, ulipikwa na wanawake, kama michuzi yote. Mimi mwanamume nitajuaje kilichomo? Palikuwa na mawese, palikuwa na pilipili. Mtu akila mchuzi hauhesabu.

Mama yako anakutumia kiroba cha bilinganya nyeupe kutoka bustani yake. Anasema ule, umekonda kwa homa.

Mjomba wako,
Apenteng


Accra, 9 Machi 1999

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa barua, na mpe mama asante kwa bilinganya. Ni nzuri sana, hazina hata tundu moja la mdudu.

Gesi imefika. Nimepima, na Daktari Lamptey amepima. Nakueleza kama ningekueleza barazani.

Tunachukua tone la kitu kilichokamuliwa kutoka kwenye mchuzi. Mashine inalipasha moto linakuwa mvuke, mvuke unapita kwenye mrija mwembamba kuliko uzi, na kila kitu kinatoka upande wa pili kwa zamu yake. Kikitoka kinavunjwa, na vipande vyake vinapimwa uzito. Matokeo yanachorwa kama nguzo kwenye karatasi.

Sasa sikiliza. Klorini ina chembe za uzito wa aina mbili. Popote duniani, kwa kila nyepesi tatu kuna nzito moja. Kwa hiyo kitu chenye klorini moja kinachora nguzo ndefu, na pembeni yake nguzo fupi ya theluthi, kama fungu la Issahaku. Bromini nayo ni aina mbili, lakini karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo inachora nguzo mbili sawa. Zikikaa klorini moja na bromini moja mahali pamoja, zinatoka nguzo tatu, na ya kati inazishinda nyingine. Hakuna hakimu wala chifu anayeweza kuzibembeleza zisimame vingine.

Chupa ya Issahaku ni dawa ya kakao ile ya zamani. Ina klorini sita, nguzo zake ni nyingi, baada ya ile ya pili zinashuka kama ngazi. Bromini haimo hata chembe.

Mchuzi una nguzo tatu, ya kati ndefu. Ni dawa nyingine kabisa. Haipigwi kwenye kakao. Inapigwa kwenye bustani, kwenye nyanya na mboga.

Kuna zaidi. Ndani ya kopo kulikuwa na vipande vya samaki mkavu. Nilitenga ngozi, nikatenga nyama ya ndani, nikapima rojo peke yake. Mtu akimwaga sumu kwenye sufuria, rojo ndilo linalobeba nyingi. Hapa ngozi imebeba nyingi kuliko vyote. Sumu iliingia kwa samaki kabla samaki hajaingia kwenye sufuria. Alipakwa angali mkavu.

Nani alinunua samaki wa matanga, mjomba? Na walikaa wapi kutoka Septemba mpaka mwisho wa Januari? Kwenye barua yako uliniambia ghala limefagiliwa na takataka zimechomwa. Sikukuuliza kuhusu ghala.

Bilinganya sijazila.

Konamah


Kwaebenya, 30 Machi 1999

Konamah,

Sikukusudia kukujibu. Lori lilikuja mara mbili na kuondoka, nami nimekaa na karatasi.

Damu ni nzito kuliko maji. Wewe si mtoto wa baba yako kwetu sisi, wewe ni mtoto wa ukoo, na kaburi lako liko huku hata ukiishi Accra miaka mia. Nani alikubeba mgongoni kukuvusha mto siku ya mtihani wako? Si Issahaku.

Nakuomba sentensi moja. Moto wa Boadi ulikuwa kijani mara mbili. Wewe mwenyewe umesema chupa ina klorini, na mchuzi una klorini. Ni kweli au si kweli? Basi andika hivyo: klorini imepatikana kwenye chupa, klorini imepatikana kwenye mchuzi. Hutakuwa umesema uongo hata wa ukucha. Ishia hapo. Mengine yaache humo humo mashineni.

Issahaku ni kijana, ni mgeni, ana nguvu. Wamemvunja mkono kule mahabusu lakini utaunga. Kuna watu ambao wakiingia mle hawatoki wazima. Mtu wa miaka sitini na mbili, mwenye presha, hatoki.

Mama yako hali siku hizi. Ukimwuliza anasema ameshiba.

Apenteng


Accra, 6 Aprili 1999

Mjomba, shikamoo.

Leo sianzi na habari za kwangu kwa sababu sina. Nalala vibaya, nafanya kazi, basi.

Umeandika "mtu wa miaka sitini na mbili". Umeshindwa kuandika jina lake. Mimi nitaliandika. Pokuaa, mama yangu.

Nilimenya bilinganya moja, nikaweka ganda lake kwenye mashine nikiwa peke yangu. Nilitaka nguzo zitoke vingine. Nilisimama pale nikimwomba Mungu kama mtoto. Zikatoka tatu, ya kati ndefu. Nilikaa chini sakafuni, na mfagiaji akanikuta akafikiri homa imerudi.

Najua ilivyokuwa hata kama hakuna atakayeniambia. Mama alinunua samaki Septemba, walipokuwa wengi, kwa sababu alidhani bibi atazikwa Oktoba. Wewe ukasema bati kwanza. Kisha rangi. Kisha tungoje ndege ya kutoka Ujerumani. Bibi yangu akakaa kwenye barafu, samaki wakakaa ghalani, na wadudu hawajui kungoja. Mama akaona chakula cha matanga ya mama yake kinageuka unga, akachukua kile alichokuwa nacho, kile kinachofukuza wadudu kwenye bilinganya zake. Nina hakika aliwaosha kabla ya kupika. Nina hakika aliwaosha kwa maji ya moto zaidi ya mara moja. Ile haitoki kwa maji, mjomba. Inapenda mafuta, na samaki ni mafuta matupu.

Nina hasira nawe. Unamficha mama nyuma ya mtu aliyevunjwa mkono, na huku watoto wa mtu huyo wamekaa ngazini kwako wanakula ndizi zako.

Kuhusu sentensi yako. Ni kweli, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuombwa kuuandika. Hata ningetaka, nisingeweza. Karatasi tayari iko mikononi mwa Daktari Lamptey, na nguzo zake ni zile zile zangu. Inaondoka kwenda polisi Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Haina jina la mtu. Inasema sumu si ya chupa ile, ni dawa ya bustani, na ilipakwa kwenye samaki kabla ya kupikwa. Polisi watauliza swali moja tu, nani alitunza samaki.

Ninakuandikia ili mama afike kabla ya karatasi. Mtu anayekwenda kwa miguu yake si sawa na anayefuatwa. Hakuua kwa kukusudia, na mahakama inajua tofauti hiyo, lakini inabidi aiseme yeye. Mwanasheria nimempata, atakuwa kituoni Ijumaa tarehe kumi na sita, nami nitakuwa naye.

Msomee mama barua hii. Yote, mjomba. Usimrukie mstari.

Konamah


Kwaebenya, 26 Aprili 1999

Mpwa wangu Konamah,

Salamu. Tangu umerudi Accra nyumba imekuwa kubwa. Mama yako amelala vizuri siku mbili hizi. Dhamana inamtaka aripoti kituoni kila Jumatano, na ameshaanza kumfokea yule polisi kijana kwa sababu havai soksi. Kesi ni mwezi wa Juni. Jamaa wa Ntow bado hawatusalimii. Tawia amefunga duka lake la kunyolea, amehamia kwa dada yake.

Pale kituoni hatukupata nafasi ya kuzungumza, na uliyaona machozi yangu kwa hiyo sitajifanya sikuwa nayo. Nataka ujue siku ile niliyosoma barua yako ilikuwaje. Nilikusudia kuruka mistari, nakwambia ukweli. Nilianza na salamu ambazo hukuziandika. Mama yako akanikatiza, "Kwadwo, mwanangu hawezi kuandika hivyo. Soma." Nikasoma. Nilipofika kwenye jina lake akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeitwa. Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme. Wewe ulichoma kikapu cha samaki nikiwa nakuangalia, hukuniuliza kitu. Nikasema basi, ndugu yangu ameamua." Kisha akaniuliza kama gauni lake jeusi limepigwa pasi.

Kwa hiyo mimi niliyedhani namficha, kumbe nilimfungia mlango. Hilo linaniuma kuliko hasira yako.

Jana Issahaku alikuja. Walimwachia Alhamisi, mkono umefungwa kitambaa shingoni, amekonda. Memuna alikuwa nyuma yake, na safari hii hakukaa ngazini, alisimama. Watu wakajaa uani kutazama. Nikamwekea kiti. Unajua mgeni haulizwi habari kabla ya kupewa maji, na nikageuka kumwita mtoto alete. Mama yako alikuwa ameshatoka ndani, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Nilitaka kumwambia arudi, Konamah, lakini alishafika mbele ya kiti. Issahaku alikitazama kile kikombe, akamtazama yeye.

Akasema, "Kunywa wewe kwanza, Mama."

Watu wakanung'unika. Mimi mwenyewe damu ilinipanda, kwenye nyumba yangu, mbele ya dada yangu! Lakini mama yako akasema, "Ni haki yake." Akanywa. Alikunywa yote, mengine yakamwagikia kifuani, akarudi mtungini akakijaza upya mbele ya macho ya kila mtu, akampa.

Akakipokea kwa mkono wake mzima, akanywa hadi tone la mwisho. Akamrudishia kikombe.

"Nimekunywa kwa sababu nina kiu," akamwambia. "Hayo mengine bado."

Mjomba wako,
Apenteng